Mpangaji wa Chini ya Kibanda

Kibanda cha Baba kiko nyuma ya nyumba yetu hapa mtaa wa Tena, Nairobi, kati ya sukuma wiki na migomba miwili ambayo haijawahi kuzaa. Ni cha mabati, na sakafu yake ni mbao zilizoinuliwa juu ya mawe, kwa sababu mvua ikishika kwa wiki nzima maji hupita hapo yakielekea mtoni. Baba ni mchongaji, na anachonga chui. Akiombwa kitu kingine atafanya, na kila Jumamosi hupeleka vibao vya kukatia nyama kwa wenye bucha wa Soko la Burma. Lakini ukimwacha peke yake asubuhi na kipande cha mti, jioni utakuta chui.

Kazi yangu ni msasa. Nawasugua chui mpaka wawe laini, halafu nawatia madoa kwa rangi nyeusi ya viatu. Nimefanya hivyo tangu nilipomaliza darasa la nane. Mama yuko nyumbani Ukambani anaangalia shamba, kwa hiyo mchana kutwa huwa mimi, Baba, na rafiki yake mmoja anayechonga twiga, ambaye huja kila asubuhi kutoka Dandora kwa sababu kwake hakuna nafasi ya twiga kusimama. Hao wawili huongea. Mimi nilikuwa nikiongea na paka.

Paka huyo hakuletwa na mtu. Alikuja mwenyewe wakati wa mvua, wa kijivu, sikio moja limechanika, akaingia kwenye sanduku la maranda akalala kama aliyekuwa amelipia kodi. Nikimwambia jambo alikuwa akinitazama mpaka nimalize. Si watu wengi hufanya hivyo nikiongea, kwa sababu huwa nachelewa kumaliza.

Jumatatu moja jirani yetu alipiga hodi kwenye uwazi wa ua. Ni mama mmoja kutoka upande wa magharibi, mnene, mwenye sauti inayofika mtaa wa Umoja bila nauli. Ana kuku wa kienyeji. Kuku hao hupita chini ya ua wa mabati na kuja kutaga kwenye sukuma wiki yetu, na jioni yeye huja kuokota mayai yake. Hakuna aliyewahi kulalamika, maana hutuachia mbolea.

"Fundi, hodi."

"Karibu, mama."

"Sikuja kukaribia. Nimekuja na hivi." Akafungua leso. Ndani mlikuwa na maganda ya mayai, vipande vidogo vidogo.

Baba akavaa miwani. "Ni maganda."

"Ni vifaranga, fundi. Hapa kuna vifaranga sita ambao sitawaona."

"Nani amekula?"

Yule mama akaelekeza kwa midomo. Paka alikuwa ameketi karibu na jiwe la kunolea, hapo nje ya mlango wa kibanda, ambapo maganda yalikuwa yameokotwa. Alikuwa akinawa uso.

"Muulize huyo," akasema.

Baba hapendi ugomvi na majirani. Alimtazama paka, akamtazama yule mama, akatoa hukumu hapo hapo: Jumamosi paka ataenda Burma pamoja na vibao. Huko kuna mifupa ya kutosha, na wenye bucha wana panya.

Nikasema, "Baba."

"Ndiyo, Mama." Huniita Mama kwa sababu nilipewa jina la mama yake.

"Hakuna kitu," nikasema.

Kulikuwa na kitu. Kwa siku nyingi nilikuwa nikisikia mkwaruzo chini ya sakafu, mchana, wakati Baba na rafiki yake wamekwenda kunywa chai. Nikiacha kusugua, nao unaacha. Nikianza, unaanza. Na mara nyingi wakati huo paka alikuwa kwenye sanduku lake mbele ya macho yangu. Lakini maneno hayo yalinifikia mdomoni yule mama akiwa ameshakwenda.

Nilimwambia Baba siku iliyofuata, nikiwa nimeinamia chui ili nisimtazame.

"Chini ya sakafu kuna mnyama."

Rafiki wa Baba ndiye aliyejibu. "Hao ni panya, siste."

"Panya hawezi kuvunja yai la kuku," Baba akasema.

"Panya wa Dandora anavunja kuku mwenyewe."

"Basi huyo alikuja na wewe kwenye begi."

"Ndiyo nyinyi hao. Kila kitu kibaya kimetoka Dandora. Na sisi huko tunasema kimetoka Tena." Akageuza twiga wake shingo chini. "Inaweza kuwa kenge. Ama kanu, yule mwizi wa kuku. Ama nyoka."

"Nyoka hakwaruzi," Baba akasema. "Mnasikia mkwaruzo, mnaona paka, bado mnatafuta nyoka. Ni paka."

Sikubishana. Nilikuwa na siku nne.

Tuna desturi ya kuweka vumbi la msasa kwenye kopo, kwa sababu tukichanganya na gundi linaziba nyufa za mti bila mtu kujua. Ni laini kama unga wa ngano. Walipokwenda chai nilichukua chujio la jikoni nikalichekechea vumbi hilo mbele ya shimo, pale ambapo ubao wa mwisho haukufika kwenye jiwe. Halafu nikarudi kusugua, maana nilishajua kwamba msasa ukilia mpangaji huyo huona yuko salama.

Kabla ya saa sita kulikuwa na nyayo. Zilikuwa ndogo, zimepangana vizuri, na mbele ya kila kidole kulikuwa na kitundu kidogo, kama mtu aliyedunga kwa ncha ya penseli. Nilifurahi mpaka nikamwita Baba bila kufikiri.

Baba aliinama. Alitazama kwa muda. Halafu akaingia kibandani, akarudi na chui kutoka kwenye rafu, akamsimamisha kando ya zile nyayo.

"Ona hapa. Kucha. Na hapa, kucha. Na hapa." Akanionyesha miguu ya chui wake, kila kidole na ukucha wake, umenyooka mbele. "Hiyo ni jamii ya paka, Mama. Umejifungia kesi mwenyewe."

Rafiki yake akacheka. "Wakili amemfunga mteja wake."

Niliwatazama chui wale kwenye rafu. Nilizijua kucha hizo kuliko mtu yeyote. Ukitaka kupitisha msasa katikati yake lazima uukunje mara tatu, na hata hivyo zinakukwaruza. Mamia ya chui walikuwa wamepita mikononi mwangu, wote wakitembea, wote kucha nje. Kama chui ana kucha nje na paka ni ndugu yake, basi Baba alikuwa sahihi. Nilifuta zile nyayo kwa mguu. Jioni nilimpa paka chakula changu nusu.

Jumatano paka mwenyewe alifungua kesi tena. Alikanyaga ndani ya kopo la rangi ya viatu nililokuwa nimeacha wazi, akapita juu ya kibao kipya cha kukatia nyama, akaenda zake kulala. Nilichukua msasa ili niifute ile alama kabla Baba hajaiona. Mkono ukasimama.

Vidole vilikuwa vinne, vya mviringo. Mbele yake hapakuwa na kitu.

Nilidhani amepoteza kucha. Nilimshika mguu nikambonyeza kidogo, naye akanionyesha zote, kwenye kidole gumba changu. Kucha zilikuwepo. Nikasema basi nipime vizuri. Nilimpaka rangi kwenye mguu mmoja wa mbele, nikamshikilia, nikambandika mguu huo nyuma ya karatasi ya msasa. Alilaza masikio nyuma, akanguruma, na alama iliyotoka ilikuwa na kucha nne kali kabisa.

Sasa nilikuwa na nyayo mbili za paka mmoja, na hazikubaliani.

Nilikaa kwenye maranda nikazitazama mpaka chai ya Baba ikaisha na wakarudi. Nilielewa nilipomwona Baba akitoa patasi zake kwenye kitambaa. Za kazi zinatoka, akimaliza anazirudisha, anakunja. Paka naye hivyo hivyo. Akitembea amezikunja. Akikasirika anazitoa. Mtu yeyote aliyewahi kukanyagwa na paka usingizini angeniambia hivyo, maana mguu wake ni laini kama kitambaa. Na yule wa chini ya kibanda anatembea polepole, hana hasira na mtu, na kucha ziko nje.

Kwa hiyo hakuwa paka. Na kwa hiyo chui wa Baba, wote, wale wanaotembea kwa utulivu kwenye rafu na wale waliokwisha kwenda ng'ambo kwenye masanduku, walikuwa na miguu ya mnyama mwingine.

Nilitaka kuliweka hilo la pili kando na kubaki na la kwanza tu. Lilikataa. Kila nilivyojaribu kumtetea paka kichwani, nilifika kwenye miguu ya chui. Baba alianza kuchonga kabla sijazaliwa. Wachongaji hawaangalii nyayo. Wao huchonga mguu upande wa juu, na chini ya mguu ni bapa, ili mnyama asimame. Hakuna mteja anayegeuza chui. Na mimi ni mtu ambaye nikiuziwa dukani mkate nisiouomba, naubeba huo huo nyumbani.

Alhamisi nilimwona mpangaji.

Niliacha mlango wazi, nikaketi nikisugua bila kusimama. Alitoka kwenye shimo tumbo likikaribia kugusa ardhi, mrefu, mwembamba, rangi ya udongo mwekundu, na ncha ya mkia wake nyeusi kama aliyeichovya kwenye kopo langu. Aliingia kwenye sukuma wiki, akarudi akisukuma yai kwa pua. Alilifikisha karibu na jiwe la Baba la kunolea. Hapo akaligeuzia jiwe mgongo, akalishika yai kwa miguu ya mbele, akalirusha nyuma kati ya miguu yake kama mchezaji anayerudisha mpira kwa kipa. Yai likagonga jiwe likadunda. Akalifuata, akarudi, akajipanga upya. Mara ya tatu likapasuka.

Alikula, akajipangusa, akaingia chini ya sakafu, na kwenye vumbi akaacha nyayo za vidole vitano, kucha mbele.

Na hapo paka akatoka kwenye sanduku lake, akapita mbele yangu bila kunitazama, akaenda kwenye jiwe akalamba maganda yote. Halafu akaketi akanawa uso.

Nilimwambia, "Wewe."

Aliendelea kunawa.

Ijumaa mchana nilichukua karatasi ya msasa iliyokwisha makali, nikaigeuza upande wa nyuma, nikaandika kwa penseli ya Baba ya kupimia. Nilitumia muda wote wa chakula. Niliandika hivi:

"Baba. Paka akitembea anakunja kucha. Nimepima. Mnyama wa chini ya kibanda anatembea kucha zikiwa nje na vidole vyake ni vitano. Anavunja mayai kwa jiwe lako la kunolea. Nimemwona kwa macho. Chui wako ni wazuri sana. Tafadhali usimpeleke paka Burma."

Lile la kulamba sikuliandika. Nilifikiri halikuulizwa.

Jumamosi asubuhi vibao vilikuwa vimefungwa kamba, na juu yake kulikuwa na gunia tupu. Yule mama alikuwa amekuja kwenye uwazi wa ua kushuhudia, akiwa na mayai matatu ya asubuhi kwenye leso. Rafiki wa Baba alikuwa akimtafuta paka kwa maneno mazuri. Nilimpa Baba karatasi.

Alisoma upande wa maandishi, akageuza akaangalia upande wa msasa, akarudi kusoma tena.

"Mama, hapa unaniambia nini kuhusu chui?"

"Hakuna kitu."

"Umeandika."

Rafiki yake akaichukua karatasi, akasoma midomo ikitembea, akaenda kwenye rafu, akashika chui mmoja, akatazama miguu. Halafu akaketi chini akacheka mpaka akashika mbavu. "Fundi. Umewatembeza na visu miaka hii yote."

"Wateja wanapenda kucha," Baba akasema.

"Mteja hapelekwi Burma, Baba. Anayepelekwa ni paka," nikasema.

Sijui ilitoka wapi. Baba alinitazama kama mtu aliyesikia kiti kikiongea. Yule mama akasema, "Kumbe ana sauti," na akalivuta bati la ua akaingia ndani, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu Jumatatu, hata kuokota mayai.

Baba alisema nionyeshe. Nilichekecha vumbi mlangoni. Yule mama akatoa omena kidogo, dagaa wakavu, kutoka mfukoni, kwa sababu hatembei bila omena, nikaziweka upande wa pili. Paka aliketi. Alitutazama wote wanne, mmoja mmoja. Alijikuna.

"Shahidi amekataa kuapa," rafiki wa Baba akasema.

Mwishowe paka alipita, taratibu, kama mgeni rasmi. Baba alipiga magoti juu ya vumbi. Vidole vinne, bila kitundu hata kimoja. Alivua miwani akaipangusa kwa shati, akaivaa, akatazama tena. Halafu akanyoosha mkono bila kugeuka, nami nikajua anataka chui. Nilimpa. Alimlaza kando ya nyayo za paka.

"Sawa, huyo si yeye," yule mama akasema. "Lakini mimi bado nimepoteza mayai. Huyo mwenye vidole vitano ni nani?"

"Tunahitaji yai," nikasema.

Alikumbatia leso. Tulimngoja. "Moja," akasema. "Na likiliwa, nataka nimwone anayelila."

Tuliliweka kwenye sukuma wiki, tukaingia wote kibandani. Nilianza kusugua. Sikujua kwamba kukaa kimya ni kazi ngumu kwa watu wengine. Rafiki wa Baba alikohoa, akaomba msamaha kwa kukohoa, akaeleza kwamba ni vumbi. Yule mama akasema kwao hakuna vumbi kama hili. Baba akasema vumbi hili ni la mti mzuri. Kila mara mkwaruzo chini ya sakafu ulianza ukakatika.

"Nyamazeni," nikasema.

Wakanyamaza. Hata mimi ilinishangaza.

Mpangaji akatoka. Alifanya yote kama Alhamisi: pua, jiwe, mgongo, akarusha. Yai lilipodunda mara ya kwanza nilisikia yule mama akivuta pumzi. Mara ya pili likapasuka.

"Huyo ni nguchiro," akasema kwa sauti yake ya kawaida, na mnyama akapotea. "Kwetu wako wengi. Nilipokuwa mtoto walimaliza mayai ya nyanya yangu."

Baba akageuka. "Unamjua?"

"Namjua sana."

"Na wiki nzima hukusema?"

"Mliniuliza nguchiro? Nilikuwa namtazama paka, nikasema paka."

Baba alikuwa karibu kujibu, lakini paka alichagua wakati huo kutoka. Alikwenda moja kwa moja kwenye jiwe, akalamba maganda, akaketi, akaanza kunawa uso mbele ya mahakama yote.

Nilitazama miguu yangu. Gunia lilikuwa bado juu ya vibao. Nilisema, "Hilo nililijua. Sikuliandika."

Halafu yule mama akaanza kutikisika mabega. "Fundi," akasema, "huyu hakula. Huyu ameosha vyombo."

"Anayeosha vyombo ni mwenzake," Baba akasema.

"Basi mimi nimemkuta na kosa la kuosha vyombo. Kwangu vyombo vingeoshwa hivyo kila siku ningeshukuru." Alifunga leso yake na mayai mawili yaliyobaki. "Mwache. Nitawatengenezea kuku sanduku la kutagia huku kwangu. Na msichana wako atakuja kulipiga msasa."

Vibao vilikwenda Burma. Gunia lilibaki, nikalitandika kwenye sanduku la maranda.

Mpangaji wa chini bado yupo. Rafiki wa Baba anasema panya wamepungua, na kwamba yeye alisema tangu mwanzo ni kanu ama kitu kama hicho. Baba alijaribu kumchonga nguchiro mmoja, mzuri, mwenye ncha ya mkia niliyoipaka mwenyewe, lakini mteja alimgeuza akauliza kwa nini panya huyu ni mrefu. Sasa nguchiro huyo wa mti anazuia mlango usifungwe na upepo.

Kuhusu miguu ya chui, hatukuzungumza tena. Jumatatu iliyofuata Baba alianza chui mpya. Alifika kwenye miguu akasimama, patasi mkononi, akamtazama paka kwa muda mrefu. Halafu akachonga kucha, zote, nje, kama siku zote. Nilifikiri mambo yamerudi yalivyokuwa. Lakini alipofika kichwani alichonga masikio yamelala nyuma, yamebana kwenye shingo, kama ya paka siku ile nilipomshika mguu kwenye rangi.

Alinipa chui huyo nimsugue.

"Huyu amekasirika," akasema. "Kuanzia sasa wote wamekasirika."